Kifaa cha E-Cat cha nikeli na hidrojeni: je, joto lililodaiwa lilipimwa sawasawa?

Mlezi wa Klabu

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mimi ni mlezi wa klabu ya sayansi katika shule ya sekondari, na wanafunzi wangu wa kidato cha tano wameniletea hoja ambayo sikutaka kuijibu kwa pupa. Wamekutana mtandaoni na habari za kifaa kiitwacho E-Cat, kilichobuniwa na Mwitaliano Andrea Rossi, ambacho kinadaiwa kutoa joto jingi kutokana na mmenyuko wa kinyuklia, yaani wa viini vya atomi, ndani ya unga wa nikeli uliojazwa gesi ya hidrojeni. Kilionyeshwa mjini Bologna mwezi Januari 2011, Rossi akiwa pamoja na Profesa Sergio Focardi wa Chuo Kikuu cha Bologna, ambaye sasa ni marehemu, na ikaelezwa kwamba kilikuwa kikitoa zaidi ya kilowati 10 za joto huku kikila umeme mdogo sana kutoka ukutani.

Kuwaambia vijana kwamba jambo hilo haliwezekani kwa sababu vitabu vinakataa ni rahisi, lakini wao wana hoja nyingine, nami naiona ni nzito. Wanasema kwamba waliotoa ushuhuda si watu wa mitaani. Profesa Sven Kullander na Dkt. Hanno Essén walitoka Sweden kwenda kukitazama kifaa hicho, na Essén alikuwa kiongozi wa chama cha Waswidi wanaopinga sayansi ya uongo. Mwaka 2013 ikatoka ripoti yenye majina ya watafiti 7, na mwaka 2014 ikafuata nyingine ya watafiti 6, iliyotokana na jaribio la siku 32 huko Lugano, Uswisi. Je, tuna haki ya kuukataa ushahidi wa wasomi wote hao kwa kuwa tu nadharia haiukubali? Na kama kasoro ipo, ipo wapi hasa, katika hatua gani ya upimaji? Naomba mnisaidie kwa hoja ambazo mwanafunzi anaweza kuzifuata kwa kalamu na karatasi.

Fundi wa Boila

Mwalimu, umeuliza pale panapopaswa kuulizwa. Nitajibu kwa upande ninaoufahamu, kwani kazi yangu ya kila siku ni boila za kiwanda cha sukari.

Katika maonyesho ya mwanzo joto halikupimwa, lilikokotolewa. Maji yalisukumwa kuingia upande mmoja kwa kiasi kinachojulikana, yakatokea upande wa pili kipimajoto kikisoma nyuzi 100 au zaidi kidogo, na waliokuwapo wakachukulia kwamba maji yote yaliyoingia yalikuwa yametoka yakiwa mvuke mkavu. Hesabu yote inaegemea hapo. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 24 hadi 100 kunahitaji takriban kilojuli 320, lakini kuigeuza kilo hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257 nyingine, yaani kama mara 7 ya zile za kwanza. Kipimajoto hakiwezi kukuonyesha uko hatua gani ya safari hiyo, kwa sababu tangu tone la kwanza linapochemka hadi la mwisho kinabaki palepale kwenye 100.

Chukueni onyesho la Juni 2011, ambalo Rossi alilifanya mbele ya mwandishi wa habari Steven Krivit kutoka Marekani. Maji yaliyoelezwa ni lita 7 kwa saa, umeme ulioingia ni takriban wati 750, na joto lililodaiwa kutoka ni karibu kilowati 5. Sasa wanafunzi wapige hesabu. Kupasha lita 7 kwa saa hadi nyuzi 100 kunahitaji takriban wati 620, na zile wati 130 zinazobaki zinatosha kugeuza gramu 200 hivi za maji kuwa mvuke kila saa. Kwa hiyo umeme wa ukutani peke yake, bila nikeli wala hidrojeni, ungetoa kitu kilekile kinachoonekana mezani: maji yanayochemka, kipimajoto kwenye 100, na mvuke unaofuka mdomoni mwa mpira. Ukichukulia kwamba maji yote yamekuwa mvuke unapata kilowati 5, na ukichukulia kwamba ni asilimia 3 tu ya uzito wake unapata wati 750. Dai zima limo ndani ya dhana hiyo moja.

Ilijibiwa kwamba ukavu wa mvuke ulikuwa umepimwa katika majaribio hayo. Tatizo ni kwamba kifaa kilichotajwa ni cha kupimia unyevu wa hewa, na kifaa cha namna hiyo hakipimi uzito wa matone yaliyobebwa na mvuke. Gramu 200 za mvuke hujaza takriban lita 340, ilhali lita 7 za maji hubaki lita 7. Kwa hiyo ndani ya bomba mvuke unachukua asilimia 98 ya nafasi hata kama ni asilimia 3 tu ya uzito. Sisi kiwandani tunalijua jambo hili vizuri, kwa sababu maji yanayosafiri na mvuke huharibu tabo, yaani mashine zinazozungushwa na mvuke, na hakuna fundi anayekadiria ukavu kwa kuangalia kipimajoto.

Lipo pia la kutazama kwa macho. Kilo 7 za maji zikigeuka mvuke wote ndani ya saa moja, ni zaidi ya lita 3 za mvuke kila sekunde, zikipita kwenye mpira mwembamba kwa kishindo ambacho mtu asingethubutu kuusogelea. Katika picha za video za ziara ile Rossi anauinua mwisho wa mpira ili mvuke uonekane, na kinachotoka ni moshi mwepesi unaopanda polepole.

Pale pale palikuwa na njia ya kumaliza ubishi bila gharama yoyote. Weka lita 100 za maji ndani ya pipa, tumbukiza mpira humo kwa dakika 10, koroga, kisha soma kipimajoto. Kama kweli ni kilowati 5, maji ya pipa yatapanda nyuzi 7. Kama ni umeme wa ukutani tu, yatapanda nyuzi 1. Mvuke ukiwa mkavu au ukiwa na maji haijalishi tena, maana vyote vinaishia ndani ya pipa na joto lote linahesabiwa.

Mpenda Ugunduzi

Nashukuru kwa hesabu hizo, Fundi, na sina ugomvi nazo. Hata hivyo nadhani mmechagua jaribio dhaifu kuliko yote na kulifanya kuwa kesi nzima. Mwezi Februari 2011 Giuseppe Levi wa Bologna alifanya jaribio la takriban saa 18 ambamo maji hayakuchemshwa kabisa: yalipita kwa wingi, yakaongezeka joto kwa nyuzi chache, na nguvu iliyoripotiwa ilizidi kilowati 15. Hapo suala la ukavu wa mvuke halipo. Mwezi Oktoba mwaka uleule pakatumika kibadilishi joto, ambamo mvuke uliyapasha maji ya mzunguko wa pili. Tena msisahau kwamba Focardi hakuanzia kwa Rossi. Yeye na Francesco Piantelli walikuwa wamechapisha matokeo ya joto lisiloelezeka katika nikeli na hidrojeni tangu mwaka 1994, katika jarida la fizikia la Italia, Il Nuovo Cimento.

Ninachokiogopa ni tabia ya kuamua kwanza kwamba jambo haliwezekani, kisha kutafuta kasoro hadi ipatikane. Jaribio lolote duniani likichunguzwa kwa jicho hilo litaonekana na dosari. Tuseme basi, ni ushahidi gani ambao mngeukubali?

Fundi wa Boila

Ndugu yangu, swali lako la mwisho ni la haki na nimekwisha kulijibu: pipa. Nakuongezea kwamba pipa liwe la mpimaji, mita ya umeme iwe ya mpimaji, na mwenye kifaa akae nje ya chumba.

Jaribio la Februari lingekuwa zuri kuliko yote, nami nakubali kwamba maji yasiyochemka ndiyo njia sahihi. Lakini lilifanyika faraghani, kumbukumbu kamili za vipimo vyake hazikuchapishwa, na njia hiyo iliyo rahisi na safi ikaachwa. Maonyesho yaliyofuata mbele ya wageni yakarudi kwenye mvuke. Mtu mwenye jaribio linaloweza kumaliza ubishi hana sababu ya kurudi kwenye lile linaloleta ubishi.

Kuhusu Oktoba, maji ya mzunguko wa pili yalikuwa takriban lita 600 kwa saa na yaliongezeka joto kwa nyuzi 5 hivi. Kwa kiasi hicho cha maji, kila nyuzi moja ni wati 700. Sasa kipimajoto cha maji yanayotoka kilikuwa kimefungwa juu ya chuma cha kibadilishi, karibu na mahali mvuke wa moto ulipokuwa ukiingilia, badala ya kuzamishwa ndani ya maji. Chuma kile kikipata joto la nyuzi chache kutoka kwa jirani yake, sehemu kubwa ya nguvu inayodaiwa inapotea. Kusogeza kipimajoto hatua moja mbele kwenye bomba kungetosha kuliondoa shaka hilo.

Mwalimu wa Fizikia

Naomba niingie kwenye mambo mawili yaliyobaki, ripoti ya Lugano na suala la nadharia, kwa kuwa nadhani Ndugu Mpenda Ugunduzi anastahili jibu la kina.

Kwanza, matokeo ya mwaka 1994 hayakupuuzwa. Watafiti waliokuwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, waliyarudia na kuchapisha majibu yao mwaka 1996 katika jarida lilelile. Waliiona kweli nikeli ikipanda joto baada ya kufyonza hidrojeni, lakini walipolitafuta ongezeko hilo kwenye ukuta wa nje wa chombo, ambako joto la ziada lingelazimika kutokea, hawakulipata. Kilichobadilika ni namna joto lilivyosambaa ndani ya chombo, si kiasi cha joto. Hivyo ndivyo dai lisilo la kawaida linavyopaswa kushughulikiwa, na lilishughulikiwa hivyo.

Pili, Lugano. Hapo maji hayakutumika kabisa. Kulikuwa na mrija wa kauri ya alumina uliopashwa kwa nyaya za umeme, na joto lake likasomwa kutoka mbali kwa kamera ya mionzi ya infraredi, ile mionzi isiyoonekana kwa macho ambayo vitu vya moto huitoa. Kamera ya namna hiyo haipimi joto. Inapima mwanga wa infraredi, kisha inakisia joto kwa kutumia namba ambayo mtumiaji anaiingiza, inayoeleza ni kwa kiwango gani uso ule hutoa mnururisho. Alumina ni kitu chenye hila. Ikiwa na joto kali sana, wastani wake katika mawimbi yote hushuka hadi takriban 0.4, lakini katika mawimbi ambayo kamera ile huyaona, maikromita 7.5 hadi 13, hukaribia 0.9 au kuzidi. Waandishi wa ripoti waliingiza ile namba ndogo ya wastani. Ukiiambia kamera kwamba uso unatoa mwanga kidogo kuliko unaoutoa kweli, kamera itahitimisha kwamba uso ni wa moto zaidi, na kwa sababu mnururisho hukua kwa kipeo cha nne cha joto, kosa hilo linavimba. Waliorudia hesabu kwa namba sahihi waliona kwamba mrija uliodaiwa kufikia nyuzi 1,400 ulikuwa karibu na 800, na lile dai la joto la zaidi ya mara 3 ya umeme ulioingia likayeyuka.

Wangeligundua kosa hilo wenyewe kama wangeupasha mrija mtupu, usio na nikeli wala hidrojeni, kwa umeme uleule wa wati 800 hadi 900 na kulinganisha. Walifanya jaribio la mrija mtupu, lakini kwa takriban wati 480 tu, ambako kosa halijajitokeza vizuri. Thamokapo moja, yaani kipimajoto cha nyaya, iliyobanwa juu ya mrija wakati wa moto mkali ingefanya kazi hiyohiyo.

Ripoti ile ilisema pia kwamba nikeli iliyobaki ilikuwa karibu yote ni nikeli-62, mojawapo ya isotopu za nikeli (aina za atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito), ambayo katika nikeli ya kawaida ni asilimia 3.6 tu. Lingekuwa jambo kubwa mno. Lakini ripoti yenyewe inaeleza kwamba Rossi alikuwapo wakati wa kutia unga, kuwasha, kuzima, na kuutoa unga. Simtuhumu mtu, nasema tu kwamba sampuli iliyopita mikononi mwa mwenye dai haiwezi kulithibitisha dai lake. Mwaka 2011 Kullander alikabidhiwa unga uliodaiwa kutumika miezi kadhaa, ukakutwa na asilimia 10 ya shaba, na shaba hiyo ikaonekana kuwa na uwiano wa isotopu uleule wa shaba ya kawaida inayochimbwa ardhini. Matokeo hayo mawili yanapishana, nami sijaona maelezo yanayoyaunganisha.

Kuhusu nadharia, sitaki wanafunzi wafundishwe kwamba nadharia inazuia ushahidi. Inachofanya ni kutuambia tutafute nini kingine. Kama protoni inaingia katika kiini cha nikeli na kukigeuza shaba, na kila tukio linatoa nishati ya elektronivolti milioni chache, basi kilowati 10 zinahitaji takriban matukio 10,000,000,000,000,000 kila sekunde. Zaidi ya theluthi mbili za nikeli ya kawaida ni nikeli-58, ambayo ikipokea protoni inakuwa shaba-59, na hii huoza ndani ya dakika moja na nusu hivi huku ikitoa positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya. Kila positroni ikifa hutoa miali miwili ya gama ambayo ni rahisi sana kuitambua. Risasi yenye unene wa milimita 4 hivi hupunguza miali hiyo kwa nusu. Kwa hiyo ukiizungushia risasi ya sentimita 5, bado miali kama 1,000,000,000,000 itapenya kila sekunde. Watu waliosimama kuzunguka meza ile Bologna wangeugua vibaya. Vipimo vilivyowekwa pale havikuona chochote zaidi ya mnururisho wa kawaida wa mazingira.

Ilijibiwa baadaye kwamba ni isotopu nzito tu ndizo zinazoshiriki. Inawezekana kulisema hilo, lakini tazameni linavyotuacha: tunaombwa kukubali mmenyuko wa kinyuklia usioacha miali, usioacha mabaki yanayokubaliana, na ambao ishara yake pekee ni joto, lile joto ambalo Fundi ametuonyesha kwamba halikupimwa kwa njia inayofunga mlango wa makosa.

Msomaji wa Hukumu

Naongeza upande ambao haujaguswa, kwa sababu jambo hili lilifika mahakamani Marekani na nyaraka zake ni za umma.

Kampuni ya Industrial Heat ya North Carolina iliingia mkataba na Rossi mwaka 2012. Ilimlipa dola milioni 11.5, na dola milioni 89 zaidi zingelipwa kama mtambo wa megawati moja ungefaulu katika jaribio la mwaka mzima. Jaribio lilifanyika katika ghala huko Doral, Florida, kuanzia mwanzoni mwa 2015 hadi mwanzoni mwa 2016. Mkaguzi aliripoti mafanikio makubwa mno, kampuni ikakataa kulipa, na Rossi akaishtaki.

Katika kesi hiyo yalijitokeza mambo mawili yanayohusu mjadala huu moja kwa moja. La kwanza, mteja aliyedaiwa kununua mvuke huo kwa shughuli za kiwanda hakuwa mtu baki, kwani rais wa kampuni hiyo alikuwa wakili wa Rossi mwenyewe. La pili ni joto lilikokwenda. Megawati moja ni sawa na hita 500 za kilowati 2 zikiwaka usiku na mchana ndani ya jengo moja. Ama kuwe na mtambo mkubwa wa kulipoza, ama watu wasiweze kukaa humo. Rossi alieleza kwamba alikuwa amejenga kibadilishi joto kwenye ghorofa ya juu na kukibomoa baada ya jaribio. Baraza la wazee wa mahakama halikutoa uamuzi, kwa sababu pande zote zilipatana Julai 2017, wakati kesi ikiwa imeanza tu kusikilizwa, na leseni ya kutumia teknolojia hiyo ikarudi kwa Rossi. Kwa hiyo si sahihi kusema mahakama ilithibitisha udanganyifu, na si sahihi pia kusema ilimsafisha. Lakini Industrial Heat, ambayo ilikuwa na kila sababu ya kutaka kifaa kifanye kazi, ilieleza mahakamani kwamba haikuweza kukifanya kitoe matokeo yaliyodaiwa.

Mpenda Ugunduzi

Suala la joto la Doral nalikubali kuwa zito, na maelezo ya kamera ya Lugano sikuwahi kuyaona yakifafanuliwa hivi. Ninalobaki nalo ni hili: wanafunzi wasiambiwe kwamba uwanja mzima wa hidrojeni ndani ya metali umefungwa kwa sababu ya mtu mmoja. Kati ya mwaka 2015 na 2019 kampuni ya Google iligharimia watafiti wa vyuo vikuu kadhaa kuyarudia madai ya aina hii, yakiwemo ya nikeli na hidrojeni, na ripoti yao ikachapishwa katika jarida la Nature. Hawakupata joto la ziada, lakini walitengeneza kalorimita (vyombo vya kupimia kiasi cha joto) bora zaidi na wakasema kwamba metali iliyojaa hidrojeni bado inastahili kuchunguzwa.

Mwalimu wa Fizikia

Hapo tunakubaliana kabisa, na naomba mfano huo utumike darasani kuliko hata wa E-Cat. Watafiti wale walilitaka joto hilo lipatikane, wakapewa fedha na muda wa kulitafuta, wakapima kwa vyombo vyao wenyewe, kisha wakachapisha kwamba halipo katika majaribio waliyoyafanya. Mwalimu, ulituuliza kama tuna haki ya kuwakatalia wasomi 6. Hatuwakatalii wao. Tunaikataa namba moja waliyoiingiza kwenye kamera, na yeyote mwenye jedwali la alumina anaweza kuikagua.

Mlezi wa Klabu

Nawashukuru sana nyote kwa kuchukua muda wenu. Nimeamua kwamba klabu haitaanza na nadharia. Tutaanza na jaribio la pipa, kwa kutumia hita ya kawaida ya umeme na mpira, nusu ya wanafunzi wakikokotoa nguvu kwa dhana ya mvuke mkavu na nusu nyingine wakisoma joto la pipa, ili waone wenyewe hita moja inavyoweza kuonekana kutoa mara kadhaa ya umeme inaoutumia. Fundi, kuna tahadhari yoyote?

Fundi wa Boila

Zipo, Mwalimu. Mwisho wa mpira uzame chini kabisa ya pipa, la sivyo mvuke utatoboa juu bila kuacha joto lake. Funika pipa, lisikae juani, na koroga kabla ya kila usomaji. Zima hita baada tu ya kuutoa mpira majini. Ukizima mpira ukiwa bado umezama, mvuke utapoa na maji ya pipa yatavutwa kurudi kwenye chombo cha moto. Na kabla ya jaribio, pima pipa kwa hita iliyozamishwa moja kwa moja ndani yake kwa dakika zilezile 10, ili mjue nyuzi ngapi hasa zinatokana na umeme peke yake.